Chumvi ya Chungu Kimoja

Mimi ni mtu mgumu, nalijua hilo, na ugumu huo haukuja na uzee. Tangu msichana watu wa kwetu milimani walisema nina shingo ya punda. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli juu yetu, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, alisema mwanamume atakayenioa ajiandae. Aliyenioa alipata miezi minane tu. Wadachi walimchukua upagazi, akaondoka na mzigo wao kichwani kuelekea bara, hakurudi. Habari ya kifo chake haikuletwa, kwa hiyo matanga hayakuwekwa. Mjane sikuwa, na mke sikuwa. Wanawake wenzangu hawakujua waniweke wapi kwenye mazungumzo, na mimi nikachoka kunyamaziwa kila ninapofika kisimani. Nikafunga kanga yangu nikaenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya ulanga.

Asiyeujua ulanga nimwambie. Ni jiwe lenye kurasa. Linachimbwa ardhini likiwa bonge, chafu, halina sura, lakini ukilipata ukingoni kwa kisu chembamba linabanduka ganda kwa ganda kama kitunguu, na kila ganda ni jembamba, linang'aa, unaona mkono wako upande wa pili. Mzungu mwenye machimbo alisema huko kwao wanaliweka kwenye milango ya majiko ili waone moto bila kufungua. Tulicheka siku ile mpaka tukakaa chini. Jiko lenye dirisha! Sisi moto wetu ulituangalia usoni kila jioni na moshi wake, hatukuhitaji kuuchungulia.

Wanaume walichimba shimoni, na wanaume walikaa bandani, kwenye meza ndefu, kila mmoja na kisu chake, wakibandua. Sisi wanawake tulikuwa kumi na mmoja. Kazi yetu ilikuwa kubeba mabonge kwa vikapu kutoka shimoni hadi bandani, kuteka maji na kufagia vipande vilivyoharibika. Tulilala huko huko, kwenye banda letu la majani, maana nyumbani kwa wengi wetu kulikuwa ng'ambo ya mlima. Vumbi la ulanga liliingia kwenye nywele na kwenye mikunjo ya shingo, tukawa tunametameta. Wachimbaji walitutania kwamba machimboni hakuna mwanamke mbaya.

Mimi nilikuwa wa kufagia. Nilipokuwa mwali, baada ya kuvunja ungo, niliwekwa ndani mwaka mzima na zaidi, kwenye chumba kisicho na dirisha, nikisuka ukili. Katika giza lile macho hayakuwa na kazi, vidole ndivyo vilivyoona. Basi nikiwa nafagia nilikuwa naokota vipande vilivyotupwa na kuvibandua kwa ukucha, bila hata kutazama, kwa sababu ya kuchoshwa na ufagio. Siku moja Mzungu akanikuta. Akachukua ganda nililobandua, akaliinua kwenye mwanga, akaita mnyapara aje aone. Kesho yake niliwekewa kigoda mwisho wa meza na kupewa kisu.

Mnyapara yule alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, sauti ya taratibu. Hakupiga kelele hata siku moja, na mimi watu wa namna hiyo nawaogopa kuliko wenye kelele. Alisema kisu si cha mwanamke. Wanaume waliokuwa karibu na mwisho wa meza walisogeza vigoda vyao, pakabaki pengo la watu wawili kati yangu na wao. Hakuna aliyenitukana. Walizungumza kutwa nzima, wakacheka, wakaulizana habari za makwao, na maneno yao yaliishia kwenye pengo lile. Nilikuwa nikitoka pale jioni sauti yangu imeshakauka kwa kutotumika.

Walionibeba ni wanawake. Mkubwa wetu, bibi mmoja wa Matombo tuliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, alinikuta siku ya pili nimekaa nje ya banda nimenuna, nikamwambia narudi kwenye ufagio. Akasema, "Kaa palepale. Ukikaa wewe, na mwingine atakaa." Tangu siku hiyo wabebaji wakaanza kunichagulia. Walijua kwa kushika tu bonge lipi lina kurasa nzuri na lipi limevunjika ndani, na yale mazuri waliyaweka chini ya kikapu, wakaja kuyamwaga upande wangu kana kwamba ni bahati. Mwezi haukwisha kabla maganda yangu hayajawa makubwa kuliko ya mwanamume yeyote mezani. Mzungu alifikiri ni mimi. Nusu yake nilikuwa mimi.

Kisha shimo likaanza kukauka. Wachimbaji walichimba siku tano wakatoa mawe matupu. Watu wa shimoni wana miiko yao, na mmoja ni kwamba mwanamke aliye mwezini akipita karibu, jiwe linajificha. Mnyapara akauchukua mwiko ule akaupeleka kwa Mzungu, akausogeza mpaka bandani: mwanamke akiwa katika siku zake asikanyage shimoni wala asishike ulanga, akae mbali mpaka amalize. Mzungu hakutaka kusikia mambo ya wanawake. Alichotaka yeye ni meza isiyo na nafasi tupu. Akasema sawa, lakini mtu asiyekuwepo nafasi yake apewe mwingine.

Tulidhani mnyapara atajuaje. Tulicheka tena, tukaulizana kama atatufunua. Hatukukumbuka kwamba sisi wenyewe tulikuwa tunajitangaza kila jioni.

Kwetu mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi kwenye chungu. Atapika, atakoroga, atapakua, lakini chumvi atamwita mwenzake amtilie. Akitia kwa mkono wake, anayekula atapata kikohozi, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kushikwa. Hayo nilifundishwa ndani, nikiwa mwali, pamoja na mengine ambayo sitayasema. Ni jambo dogo, la kila siku, hata hulisikii likisemwa: mwenzangu, nitilie chumvi. Kila mmoja wetu alikuwa na kijichungu chake cha mboga na mafiga yake. Mnyapara alikuwa ameoa mwanamke wa milimani. Alichofanya ni kuja wakati wa kupika, mikono nyuma, akipita kati ya moto na moto, akitusalimu kwa adabu. Kesho yake asubuhi mmoja wetu alirudishwa njiani. Wiki ile ile wakarudishwa wawili wengine. Mpaka tunang'amua, nami nilikuwa nimeshamwomba mwenzangu anitilie, na kigoda changu hakikuwepo.

Nilikaa siku tano bandani kwetu nikitazama paa. Niliporudi mezani nilikuta mwanamume amekalia nafasi yangu, na alikuwa amevunja maganda mengi kiasi kwamba Mzungu mwenyewe alimwinua. Mnyapara akanisogelea na sauti yake ya taratibu. Akaniambia nimshukuru Mungu kwa safari hii, kwa maana amekwisha kubaliana na Mzungu: nikikosa tena hata siku moja, meza hiyo nisahau, na mwanamke mwingine hatawekwa.

Nikaja nikawaambia wenzangu. Yule bibi alisikiliza akimaliza kumenya ndizi zake, halafu akasema tuache vijichungu, tupike chungu kimoja kikubwa, kwa zamu, na chumvi atatia yeye kila siku, kwa wote. "Mimi nimeshakauka," alisema, "mwezi na mimi hatusalimiani tena." Mnyapara akaja, mikono nyuma, akakuta moto mmoja, chungu kimoja, na bikizee ana kibuyu chake cha chumvi. Akasimama. Akaenda. Akaja kesho yake, akasimama, akaenda.

Miezi miwili tuliishi hivyo, na katika maisha yangu yote sijakaa na watu kama nilivyokaa na wale. Kutwa nilikuwa peke yangu na lile pengo la mezani, lakini jioni nilikula mkono wangu ukigongana na mikono mingine kumi. Aliyekaa upande wangu wa kulia alikuwa rafiki yangu, mama wa mtoto mmoja wa kiume ambaye alikuwa bado ananyonya. Kushoto alikaa mwanamke wa Mlali, mgeni kati yetu, mtu wa chini kwenye mashamba ya bondeni. Yeye ndiye aliyekuwa akinichagulia mabonge mazuri kuliko wote, na hakupata hata siku moja kunitajia.

Bibi akaitwa kwao Matombo. Binti yake alikuwa karibu kujifungua, na mimba ilikuwa imekaa vibaya. Hakuna aliyethubutu kumwambia asiende. Tukabaki kumi, wote wa umri wa kuzaa. Tukakubaliana kwamba mpaka arudi hatutakula chumvi kabisa, yeyote yule, aliye mwezini na asiye mwezini. Asiyepata kula mlenda usio na chumvi hajui shida. Unateremka wenyewe, huhitaji hata kumeza. Tulitazamana tukila tukacheka, na wiki ya kwanza ikapita.

Mnyapara akaonja. Aliomba kipande cha ugali kwa adabu zake zote, akachovya, akaelewa. Kesho yake akaja na chumvi yake mwenyewe, imefungwa kwenye jani la mgomba, akanipa mimi. Alisema hao wengine hana habari nao, wao ni wa kubeba. Mimi ndiye ninayeshika ulanga. Kila jioni nitatia chumvi kwenye chungu mbele yake, na jioni nitakayokataa, asubuhi nisije mezani.

Mnyapara akaondoka. Yule wa Mlali ndiye aliyepata njia. Alisema kama siku itafika nami niko mwezini, nitie tu, lakini nijikune kiwiko. Wakiona nimejikuna watapakua, watajifanya wanakula mpaka mnyapara aondoke, halafu watamwaga nyuma ya banda, tulale na njaa. Usiku mmoja haujaua mtu. Siku zinazofuata tutafanya vivyo hivyo, na mchana watajitafutia ndizi. Wote wakakubali. Rafiki yangu alinishika mkono akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Ilinyesha tangu asubuhi, njia ya shimoni ikawa tope, wenzangu wakaanguka na vikapu, wakasimama, wakaanguka tena. Mimi nilikuwa mkavu bandani. Alasiri nikasikia tumbo la chini likinivuta. Nilijua. Mwanamke anajua. Lakini nilijiambia ni ubaridi, ni kukaa sana, kwamba mpaka niende nikatazame hakuna kitu, na sikwenda kutazama.

Zamu ya kupika ilikuwa ya yule wa Mlali. Nilipofika walikuwa wamezunguka moto, nguo zinavuja, wanatetemeka, wanautazama ugali kwa macho ambayo siyasahau. Kulikuwa na maharage siku ile, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mnyapara akafika na mwavuli. Nikafungua jani, nikachukua chumvi, nikatia. Mikono yote miwili ilikuwa karibu na chungu na kiwiko changu kilikuwa hapo hapo. Nilikitazama. Nikafikiri watu hawa hawawezi kumwaga chakula hiki leo. Nikafikiri pia, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba wakimwaga leo na kesho na keshokutwa, siku ya nne watachoka na mimi, wataniambia niiache meza. Sikujikuna. Wakala. Rafiki yangu alikuwa akitafuna maharage anamlisha mtoto kwa kidole.

Alfajiri nilikwenda kijitoni kabla ya watu kuamka, kufua nguo yangu. Nikasikia hatua nyuma. Alikuwa yule wa Mlali na mtungi wake. Alitazama nguo mkononi mwangu, akatazama maji yalivyokuwa yakibeba rangi ile kushuka nayo. Akaniuliza nimeamkaje. Nikasema salama. Akasema mvua ya leo itakuwa ndogo, akajaza mtungi, akaondoka.

Jioni iliyofuata nikatia tena, na kiwiko sikukigusa. Siku ya tatu mtoto akaanza kukohoa.

Mtoto wa mlimani msimu wa mvua anakohoa, kila mtu anajua. Sasa hivi nasema hivyo. Wakati ule nilisikia kila kikohozi kikiingia kwangu, nikaacha kulala. Kifua chake kilikuwa kinaingia ndani akivuta pumzi. Rafiki yangu alimkumbatia kutwa, akaacha kubeba, na siku ya tano jioni, mnyapara alipokwisha kuondoka, akamweka mtoto mapajani akasema mbele yetu wote kuwa kuna aliyetia chumvi akiwa mwezini, na anataka amjue.

Wakanigeukia mimi kwanza, kwa haki. Mmoja akaniuliza kama nilikuwa safi siku zote. Nikasema, "Ningekuwa mwezini ningejikuna. Tuliagana hivyo, au hatukuagana?"

Nilisema kwa ukali wangu ule wa shingo ya punda, na ukali ulinifaa, kwa sababu waliona haya kuniuliza. Macho yakahama. Siku ile mtoto alipolishwa maharage, nani alipika? Wakamkumbuka. Mmoja akakumbuka pia kwamba aliwahi kusema huko kwao bondeni mambo haya watu hawayashiki sana. Akaulizwa kama aligusa chumvi akiwa mwezini. Alikuwa anachokoa moto na kijiti. Alinitazama, si kwa muda mrefu, akarudisha macho kwenye moto.

"Nilionja nikaona imepungua," akasema. "Nikaongeza kidogo."

Hawakumpiga. Walimwambia asubuhi aende kwao, wala asipite karibu na mtoto. Akaitikia. Alikwenda kulala upande wa mlangoni na hakuna aliyezungumza naye, nami nikiwa mmoja wao.

Asubuhi nilijifanya naenda kuni, nikamfuata hadi njia inapoanza kuteremka. Alikuwa na kitita kidogo tu kichwani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu usiku, ya kushukuru na ya kuomba radhi. Nikamwita dada, nikasimama.

Akasema, "Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Ukiinuka wewe pale mezani, hakuna mwanamke atakayekaa tena." Akaweka kitita sawa. Alikuwa ameanza kuteremka aliposema bila kugeuka, "Lakini ungejikuna tu, dada. Tungelala na njaa, basi."

Mtoto akapona. Siku nne baada ya yule kuondoka kifua kikatulia, akaanza kucheza na vipande vya ulanga sakafuni, na kupona kwake kukawa ushahidi. Walisema mnaona? Nikasema naona. Haukupita muda bibi akarudi kutoka Matombo, binti amejifungua salama, akashika kibuyu chake cha chumvi kama zamani. Wachimbaji nao wakapata mshipa mpya upande wa chini wa mlima, mabonge makubwa kama vichwa vya ng'ombe, na mnyapara akaacha kuja motoni kwa sababu hakuwa tena na la kumwambia Mzungu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yenyewe ilikwishaondoka. Kama chumvi yangu ndiyo iliyomkohoza mtoto au ni mvua, mpaka leo sijui, na waliosoma wakiniambia ni mvua nawashukuru, wanakwenda zao. Si hilo linaloniamsha. Mlali si mbali. Mtu akitoka asubuhi anafika kabla jua halijawa kali. Sikwenda wiki ile, wala mwezi ule, na mtu akishakawia kiasi fulani anashindwa hata kupafikiria. Wenzangu waliona nimekuwa kimya wakasema meza imenipa majivuno, wakanitania kwa upendo, wakaniwekea minofu ya juu. Nilikula nao kila jioni, na kila jioni nilikuwa mbali nao kuliko nilivyokuwa na wale wanaume waliosogeza vigoda.

Mzungu akataka maganda zaidi. Akaagiza wanawake wengine wawili wapewe visu, nami niwafundishe. Pengo la mezani likazibwa. Wa kwanza aliyekuja kukaa kando yangu alikuwa rafiki yangu, mtoto mgongoni. Nilimshika kidole, nikakipitisha ukingoni mwa bonge mpaka kikapata pale ukurasa unapoanzia, nikamwambia asitumie macho. Ganda lake la kwanza lilitoka zima. Alilishika kwenye mwanga, akacheka mpaka wanaume wakageuka.

Kisha akainama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Unaona tulivyokuwa kitu kimoja tangu yule wa Mlali aondoke?"

Nikamwambia ndiyo, naona.